Trela Lenye Kichwa Chepesi

Mpendwa mshauri,

Tangu niache shule darasa la sita sijawahi kumwomba mtu msaada, na hata hii barua nimeianza mara tatu nikaichana, lakini mke wangu husoma ukurasa wako kila wiki na amesema kama yeye simsikii basi nikusikie wewe, kwa hiyo naomba unisaidie, na jina langu usiliandike, andika tu Injinia, ndivyo wanavyoniita mtaani.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Pampu niliyoifunga mimi haifi, inastaafu. Kuna kisima kimoja wataalamu watatu wenye kofia ngumu walishakikatia tamaa, mimi nikaweka sikio kwenye bomba, nikagonga mara mbili kwa spana, maji yakaruka mpaka yakamvua mmoja wao kofia. Mke wangu kazi yake ni kusuka waya za mota, na hapo siongezi chumvi, mkono kama wake sijauona. Kazi zetu ziko mbali, tunakaa wiki tatu, nne, ndiyo maana tukanunua trela la kulala, lile la kuvutwa na gari, lilikuwa la wapima barabara, lina kitanda, meza ya kukunja na jiko la gesi, ni nyumba kamili ila ukinyoosha mkono kuzima taa unaweza kufungua mlango kwa bahati mbaya.

Shida ilianza na jenereta. Pikapu imejaa mabomba, kwa hiyo jenereta lilikuwa linasafiri ndani ya trela, na mke wangu akachoka kulala kwenye blanketi linalonuka petroli, akasema, "Injinia, ama mimi ama hilo dude." Nikamwambia nipe siku mbili. Nikatumia moja na nusu. Nikaunda keria kwa chuma cha pembe, nikaichomelea kwenye bampa ya nyuma ya trela, nikapaka rangi ya fedha, ukiiona utadhani imetoka kiwandani. Juu yake nikaweka jenereta, kilo tisini, madumu mawili ya petroli na sanduku la spana. Kuipima uimara niliwapandisha mashemeji zangu wanne, mmoja wao ana mwili wa kutosha watu wawili, nikawaambia rukeni, wakaruka, keria haikusema hata neno.

Sasa sikiliza ajabu. Baada ya kufunga mzigo wote nyuma, nikaenda mbele kunyanyua kichwa cha trela, ule mkono wa chuma unaonasa kwenye ndoano ya kuvutia iliyo nyuma ya gari. Zamani ilikuwa lazima tuwe watu wawili, na mgongo unauma siku tatu. Safari hii nikakinyanyua kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, mshauri! Ilikuwa Jumapili, ndugu wote wamejaa uani, nikakishusha nikakinyanyua tena ili waliokuwa wanakula waone, nikasema, "Mwalimu wangu alikuwa ananiita kichwa kizito, aje aone trela langu lilivyo na kichwa chepesi!" Watu wakapiga makofi. Na mimi kwa nguvu sijambo, niliwahi kushikilia injini ya trekta mikononi mpaka wenzangu wakamaliza kunywa chai, lakini hapa ilikuwa ni akili, mzigo wa nyuma unasaidia kunyanyua mbele, gari linavuta kitu chepesi.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi, mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana karakana yake ya kuchomelea na ana cheti cha chuo. Akaja akainama nyuma ya trela, akapitisha kidole kwenye bampa, akasema mbele ya watu wote, "Mjomba, shusha. Hicho unachojisifia ndicho kitakachowaua." Nikamuuliza kitatuuaje, akasema kichwa kimekuwa chepesi mno na bampa ni bati lililokunjwa, halikuumbwa kubeba kitu, niing'oe keria, yeye atanisaidia kuifunga upya. Mshauri, huyu binti spana ya kwanza kuishika alishikishwa na mimi. Nikamwambia, "Kile cheti ulikifunika plastiki kisiingie maji, naona plastiki imekufunika mpaka akili." Watu wakacheka sana, shemeji yangu mnene ndiye aliyecheka zaidi. Yeye akasema, "Sawa, mjomba," akafuta mikono, akaondoka bila kumaliza chakula. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na zamani haikuwa inapita Jumapili bila yeye kuja.

Jumatano nikatoka na mke wangu kulijaribu trela. Tambarare tulikwenda kama tuko sebuleni. Tukafika kwenye mteremko mrefu, mwendo themanini, lori likatupita kwa kasi, na upepo wake ukalipiga trela ubavuni. Mkia ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukaenda tena kushoto zaidi, mpaka usukani ukawa hauna kazi, mimi nageuza huku gari linakwenda kule. Nikakanyaga breki, likazidi. Mke wangu akapiga kelele, "Achia! Achia breki!" nikaachia, barabara ikaanza kupanda, trela likatulia lenyewe. Tukasimama pembeni. Sikuogopa, ila nilizima gari nikaendelea kushika usukani. Mke wangu alishuka akakaa kwenye jiwe, akasema, "Binti alisema."

Nyumbani nilieleza kwamba fahali alikatiza barabara, mkubwa kama friji mbili, na kwamba nilimkwepa kwa kushika usukani kwa magoti kwa sababu mikono ilikuwa inafunga dirisha asiingize pembe. Watu walifurahi. Mke wangu hakusema kitu. Nakuambia wewe peke yako kwamba fahali hakuwepo.

Sasa mwisho wa mwezi tuna kazi ya hospitali, kisima chao kimesimama na mota inataka kusukwa upya, bila mke wangu sina cha kwenda kufanya huko. Na yeye amesema hapandi gari linalovuta trela hilo mpaka mpwa wangu alikague na aseme limepona. Njia ni ileile ya mteremko. Mimi nimefikiria kuongeza vyuma viwili vya pembeni kwenye keria na kuifunga kamba ya katani mpaka kwenye paa. Naomba uniambie, je, hiyo inatosha? Na kama haitoshi, nifanye nini ambacho hakihitaji mimi kumwendea yule binti, kwa sababu mjomba mtu mzima kwenda kumpigia magoti mtoto wa dada yake si jambo linaloonekana vizuri.

Ni mimi, Injinia.

*

Ndugu Injinia,

Haitoshi.

Mimi kazi yangu ni ndoa na ugomvi wa ndugu, sijui trela. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nilimpelekea barua yako fundi wa matrela, mtu mzima, hana maneno mengi. Alipofika pale pa mkono mmoja aliiweka mezani akaniuliza, "Huyu bado yuko hai?" Nikamwambia ameandika mwenyewe. Akasema, "Basi jibu haraka."

Haya ndiyo aliyonieleza. Trela ni kama mizani, gurudumu liko katikati. Ukirundika kilo mia na sitini kwenye ncha ya nyuma, ncha ya mbele inanyanyuka, na ndicho ulichokuwa unaonyesha wageni. Haikuwa nguvu yako, na pole kwa hilo, wala haikuwa akili. Kwa mtoto wa shule kichwa chepesi ni sifa. Kwa trela ni ugonjwa. Kichwa cha trela lazima kilalie gari kwa uzito, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa trela na mzigo wake, au zaidi kidogo. Lako na vitu vyake halikosi kilo elfu moja na mia tatu, kwa hiyo kichwa kinatakiwa kisipungue kilo mia na thelathini. Wewe umekiacha na kilo zisizozidi ndoo ya maji. Trela la namna hiyo likipigwa na upepo wa lori linaanza kuchezesha mkia, na dereva akikanyaga breki ya gari linazidi, kama ulivyoona. Likitokea tena, inua mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, usishindane nalo. Kilichowaokoa siku ile si barabara iliyopanda. Ni mkeo aliyesema achia.

Mashemeji kuruka uani hakukupima kitu. Walikuwa kwenye trela lililosimama. Njiani kila shimo linautupa mzigo juu na kuuangusha, na bampa inasukwasukwa maelfu ya mara mpaka kiungo kinachoka na kukatika, na siku kikikatika jenereta na madumu ya petroli yatatua mbele ya gari la mtu aliye nyuma yenu na wanawe. Vyuma viwili vya pembeni vitaongeza uzito palepale unapodhuru. Kamba ya katani mimi niliicheka, fundi hakuicheka.

Kesho shusha vyote vilivyo juu ya keria, na yenyewe ing'olewe pale ilipo. Jenereta lipande pikapu, karibu na kichwa cha gari, na mabomba mepesi ndiyo yaingie ndani ya trela, chini, juu ya magurudumu, yafungwe yasitembee. Kama unataka keria nyuma, na inawezekana, basi ikamate vyuma vya chasisi yenyewe kwa bolti nene, si bampa, na ibebe vitu vyepesi, viti vya kukunja, mpira wa maji, turubai. Isizibe taa za breki wala namba ya gari, na isining'inie chini ikakwaruza barabara mnapopanda kivuko. Petroli isikae nyuma kabisa ambako mtu akikugonga ndiko anakoanzia. Kisha peleka trela na mzigo wake wote kwenye mizani ya ghala, upime trela zima, halafu upime kichwa peke yake, na uandike. Usikadirie kwa mkono. Mkono wako tumeshauona.

Hayo ni ya chuma. Sasa yako.

Umeniandikia kurasa nne. Tatu na nusu ni keria na sifa zako, na mpwa wako amepata mistari ya kuhesabika, lakini ndiye aliyekufanya uandike, keria ni kisingizio. Ungekuwa na shida ya vyuma tu ungekwenda kwake siku ileile. Binti aligusa bampa kwa kidole kimoja akaona kila kitu nilichokueleza hapo juu, akakuambia bila kukutukana, akajitolea kukufungia upya kwa mikono yake. Wewe ukauchekesha umati juu yake. Nakuuliza, ulikuwa unamfundisha kushika spana ili iweje? Ili siku moja ajue kuliko wewe, au ili aendelee kukusifu? Kama ni ya kwanza, umefaulu, na badala ya kufurahi umemfukuza mezani na chakula kikiwa nusu.

Unasema mjomba kumwendea binti wa dada yake haionekani vizuri. Nani anaangalia? Shemeji yako mnene? Yeye hatakuwa kwenye gari mteremkoni. Atakuwa mkeo. Mwanamke aliyekaa kwenye jiwe, kisha akarudi nyumbani akakusikia ukitoa fahali kichwani kwako mbele ya watu, na akanyamaza ili usiaibike. Amekubebea mnyama huyo peke yake tangu Jumatano. Mwambie leo kwamba mnaweza kumwacha fahali aende zake, kisha waambie na wale waliofurahi kwamba hakuwepo. Watacheka. Mtu anayeweza kumcheka mpwa wake mbele ya watu anaweza kuchekwa kidogo.

Kisha mwendee mpwa wako. Usimwite kwako, usimtume mama yake, usipeleke zawadi. Peleka trela, mchana, karakanani, wateja wake wakiwa wamesimama pale, kwa sababu ulimvunjia heshima mbele ya watu na huwezi kuirudisha kwa kunong'ona. Vuta taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, bila kitu juu ya keria. Hakuna aliyekuomba magoti. Sema, "Mwanangu, ulisema kweli, na mimi nilikukosea. Likague." Halafu nyamaza. Usianze kisa cha kisima na kofia. Usimwambie ni wewe uliyemfundisha, anajua, ndiyo maana ilimuuma. Akikuambia subiri ana kazi ya watu, subiri. Akikuambia keria hairudi kabisa, hairudi, na mkeo akisema bado hapandi, hapandi, hospitali itatafuta fundi mwingine na wewe utakuwa na mke.

Na atakapolala chini ya trela kuangalia ulivyochomelea, najua mdomo utawasha. Utataka kumweleza. Usimweleze. Mshikie tochi.