Kilichokuwa Kwenye Kiroba

Kibaoni, Ifakara
Jumanne, 10 Septemba 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Amedeus,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Makambako, wewe na wifi Ritha pamoja na watoto, na kwamba baridi ya huko haijawazidi. Sisi huku tunaendelea kumshukuru Mungu, ingawa mama hajarudi kwenye hali yake, na kwa nini hajarudi ndiyo habari yenyewe. Mpunga wote ulishatoka shambani. Pale mashineni ninapofanya kazi foleni ya kukoboa imepungua, na joto limeshaanza.

Najua utashangaa mtu kuandika barua siku hizi. Lakini kaka, umenikatia simu mara tatu, na mara ya nne ukanifungia namba kabisa. Haya, barua haikatwi. Nampa Justin wa baba mdogo Kelestini, anapanda treni Alhamisi, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Ndani ya bahasha utakuta kifurushi kidogo nimekifunga kwa uzi. Tafadhali usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua ulivyo na haraka, na mimi ni hivyo hivyo, ndiyo maana nakupigia magoti kabisa.

Mtu tunayegombana juu yake anaitwa Pheng. Naanza na jina kwa sababu katika simu zako zote hujalitaja hata siku moja. Unasema yule Mchina wako. Pheng si Mchina, na China hajawahi kukanyaga. Amezaliwa Marekani, mji unaoitwa Fresno. Wazazi wake ni Wahmong, watu wa milimani huko Laos, waliokimbia vita wakiwa watoto. Wanalima mboga na kupeleka sokoni. Hapa kwetu akisema yeye ni Mmarekani watu wanacheka, wanamuuliza Mmarekani gani ana macho hayo. Yeye anasema kule kwao Marekani nako wanamuuliza hivyo hivyo.

Hebu fikiria. Siku ya kwanza alipofika nyumbani, mama alimletea redio ya marehemu baba aifungue na kuitengeneza, maana kwa mama watu wa sura ile wote ni mafundi. Pheng akasema yeye ni mtu wa mpunga, anafanya kazi ya mbegu na wakulima, redio haijui. Mama akaona anaringa. Vijana wa bodaboda nao walitaka awafundishe karate. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikuona ubaya wowote wakati ule, kaka, nakwambia ukweli.

Wala si upande wetu tu. Mama yake alipoambiwa habari zangu kwa simu, aliuliza kama nyumba zetu zina milango, na kama nimepimwa magonjwa yote. Akasema amesikia wanawake wa Kiafrika ni wakali, nitampiga mwanawe. Nilinuna siku mbili. Pheng alinibembeleza, akasema mama yake ana hofu, na hofu yake imetoka kwenye televisheni.

Na wewe uliniambia wanaume wa namna hiyo wanazalisha wasichana halafu wanapanda ndege. Nikakuuliza ni wangapi wa hapa hapa Kibaoni waliozalisha na hawakupanda hata baiskeli, ndipo ukakata simu mara ya kwanza. Lakini Pheng alifuata njia. Aliniambia kwao nao wanatuma mshenga, na mshenga wao anakwenda na mwavuli mweusi. Basi mwisho wa Julai mzee Nazari alikuja nyumbani kubisha hodi akiwa na mwavuli kwapani, kiangazi kikavu, watoto wakimfuata nyuma kwa vicheko. Baba mdogo Kelestini alipokea barua ya posa vizuri, akasema jibu litatoka kwako kwa sababu wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti cha baba. Tulikuwa tunakungoja wewe tu.

Ndipo ikaja habari ya mbwa.

Wewe umeisikia kama ilivyosikika mji mzima. Kwamba Doria, mbwa wa baba, alipotea Jumanne moja mwezi uliopita. Kwamba mama Emerensiana, yule jirani wetu wa nyuma, alimwona Pheng akifunga kiroba kwenye pikipiki, na mkia umechungulia. Kwamba Jumatano Pheng alileta hotpoti ya supu kwa mama, na mama, aliyekuwa na malaria na hajala siku tatu, akanywa yote na kusifia. Kufika Ijumaa hapakuwa na mtu Kibaoni wala Lipangalala asiyejua kwamba Mchina amekula mbwa wa marehemu na kumlisha mjane wake.

Unakumbuka hadithi za baba za wakati wa kujenga reli? Kwamba Wachina walikuwa wakimaliza mbwa wa kijiji kizima kwa wiki moja? Tulikua nazo hizo, kila jioni, na wewe ndiye uliyekuwa ukiigiza mbwa anavyokimbia. Juzi nimemuuliza mama kama baba aliyaona hayo kwa macho yake. Mama alisema hapana, baba alikuwa anabeba kokoto kambi nyingine kabisa, naye aliambiwa na watu. Lakini habari ya Doria ilipotoka, hakuna aliyeuliza swali lolote. Ilikuwa kama watu walikuwa wanaingoja.

Sijui kama baba mdogo alikueleza hali ya mama. Alitapika mpaka ikabaki nyongo. Alisugua ulimi kwa majivu. Akatoa sufuria zote nje zikasuguliwe kwa mchanga, na hata baada ya hapo hakula tena kitu kilichopikwa humu ndani, ila ndizi mbivu na chai. Malaria ilishapona, lakini alikonda mpaka kanga inamzunguka mara tatu. Usiku alikuwa anaomba msamaha kwa baba, nikimsikia kupitia ukuta.

Na Pheng je? Mwenye nyumba wake pale Lipangalala alimtolea vitu nje. Akipita barabarani watoto wanambwekea. Wangekuwa watoto tu ningesema ni watoto, lakini vijana wa kijiweni nao wanabweka, na watu wazima wenye wajukuu wanacheka kwa pembeni. Wakiulizwa wanasema ni utani. Utani gani, kaka? Sisi tuna watani wetu, tunajuana, akinitukana leo nami kesho namrudishia kwenye msiba wake. Pheng angembwekea nani? Alikuwa anasimamisha pikipiki, anawaamkia wazee shikamoo, anaendelea na safari.

Baba mdogo alimwita mbele ya wazee watatu, mimi nikiwa pale na mama Emerensiana. Akamuuliza kwenye kiroba kulikuwa na nini. Pheng akanitazama. Mimi nikainama, nikaanza kuokota mawe kwenye mchele ambao nilishaupepeta asubuhi. Akajibu kwamba ulikuwa mzigo tu. Baba mdogo akasema basi, amesikia, na akakupigia simu wewe. Ndipo ukaapa kwamba kikao cha ukoo kitakaa Jumapili tarehe 22, kwamba posa itarudishwa, na kwamba Mchina akionekana tena mlangoni kwa mama utamtoa kwa panga.

Kaka Amedeus, sasa kaa chini kama umesimama.

Doria nilimuua mimi.

Unakumbuka ulivyopiga marufuku sumu ya panya, baada ya mtoto wa shangazi Aurelia kunusurika? Ulisema mbele ya kaburi la baba kwamba atakayeingiza sumu nyumbani kwetu, huyo si mtoto wa nyumba ile. Mimi nikaingiza. Panya walikuwa wanamaliza mbegu, mbegu nzuri aliyonipa Pheng nijaribu msimu ujao, nami nikajifanya najua. Nilinunua kwa mchuuzi, nikachanganya na dagaa, nikaweka kwenye kisahani nyuma ya magunia. Mlango wa stoo sikuufunga vizuri. Asubuhi ya Jumanne nilimkuta Doria amejikunja karibu na kisima, povu mdomoni, bado ananitingishia mkia. Alikufa kichwa chake kikiwa kwenye goti langu.

Mama alikuwa ndani, amelala na homa. Pheng akafika kumjulia hali. Nilimshika mikono, nikamlilia, nikamwomba amwondoe mbwa kabla mama hajatoka, na asimwambie mtu yeyote, hata akiulizwa vipi. Alisita. Aliniambia ni afadhali nimwambie mama mwenyewe siku hiyo hiyo, mambo ya namna hii yakikaa yanaoza. Nikasema mama atakufa kwa uchungu na wewe kaka utanifukuza nyumbani. Akaniahidi. Ndicho kilichokuwa kwenye kiroba, na ndiyo sababu alisema ni mzigo tu. Supu ilikuwa ya kuku. Kuku alimnunua pale pale kwa mama Emerensiana! Aliipika na mchaichai na majani anayoyapanda kwenye madebe, kama mama yake anavyowapikia wagonjwa na wazazi waliotoka kujifungua.

Siku zote hizo nilikuwa najiambia kesho nitasema. Mama akatapika, nikasema kesho. Wakambwekea, nikasema kesho. Kumbe kulikuwa na kitu kibaya zaidi moyoni mwangu, na hiki sijamwambia hata padre. Niliona kwamba uongo umeshakubalika wenyewe, bila mimi kufungua mdomo. Sikuwa na haja ya kudanganya. Sura yake ilitosha. Nikajificha nyuma ya sura ya mtu ninayempenda.

Jumapili iliyopita nilimfuata Lupiro, ambako mradi wao umemhamishia. Nilitaka nimwambie avumilie kidogo tu, maneno yatapoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba alipokuwa shule ya msingi huko Fresno, watoto walikuwa wakiziba pua akifungua chakula chake, wanamuuliza kama ni mbwa. Walikuwa wengi, na majina yao ameshayasahau. Jina analolikumbuka ni la rafiki yake mmoja, aliyekuwa anakuja kwao kila wiki na kula mezani kwa mama yake, na aliyejua sahani zile zina nini, lakini siku hiyo akacheka pamoja na wenzake. Aliniambia watu wa Ifakara hana kinyongo nao, kwa sababu hawakujua. Akasema mimi nilijua. Akampigia simu mzee Nazari, akamwomba asirudi tena kwetu na mwavuli. Hakupaza sauti, kaka. Ningeshukuru kama angepaza.

Nilivuka daraja kurudi huku bila kuona njia. Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja shambani, kwenye kile kichuguu ambapo baba alikuwa anakaa kuwinga ndege na Doria miguuni pake. Nilimwonyesha Pheng mahali hapo zamani, mara moja tu, na alinieleza kuwa ndipo alipomzika. Nikachimba. Alikuwa amemfunga kwa shati lake mwenyewe, lile la bluu, na pembeni kulikuwa na tonge la wali kwenye jani la mgomba, limekauka. Kwao anayeondoka haondoki mikono mitupu.

Leo asubuhi nilimweleza mama. Alinipiga kofi ambalo sijapigwa tangu darasa la tano, na nilistahili mawili. Akaniuliza kama ilikuwa kuku kweli. Nikasema kuku. Akaniuliza tena, na tena. Nikamwekea mkononi mkanda wa Doria, niliomvua kule kichuguuni. Akalia kwa sauti, halafu akaniamuru nikapike wali, akala sahani nzima akinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Alipomaliza aliingia bandani, akatoka na tetea wake mwekundu, yule anayetaga, akaita bodaboda na kusema anakwenda Lupiro kuomba radhi. Nilitaka kupanda naye. Akasema nisithubutu.

Basi kaka, sikuombi umpokee Pheng kuwa shemeji. Hilo nimeliharibu mimi na si lako tena kuliamua. Ninachoomba ni kikao kile kikae tarehe ile ile, nje ya nyumba, mama Emerensiana na wale vijana wa kijiweni waitwe, na wewe uisome barua hii yote kwa sauti, bila kuruka mstari. Mimi nitakuwa nimesimama hapo. Ukishamaliza, yale ya sumu na nyumba ya baba yaamue utakavyo, sitabisha. Sasa fungua kifurushi. Huo ndio mkanda wa shingoni wa Doria, baba aliukata kwenye mkanda wake wa suruali, na matundu unayajua kwa sababu wewe ndiye uliyeyatoboa kwa msumari wa moto.

Nilikuwa nimeacha kuandika kidogo, maana nimesikia pikipiki. Mama amerudi. Amechoka, vumbi tupu, na kuku hayupo. Pheng amempokea, na amemkalisha, na wamekula pamoja. Nilimuuliza mama kama Pheng amesema lolote kuhusu mimi. Mama alivua viatu kwanza. Kisha akanijibu kwamba yule alikuwa kuku wake yeye, mimi nikatafute wangu.

Nisalimie sana wifi Ritha, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama anakusalimu, anasema uje na koti maana asubuhi huku bado kuna ubaridi. Baba mdogo naye yupo, anakohoa tu kidogo. Mungu akulinde njiani, na akulainishe moyo kabla hujafika.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa,
Devota