Sasa Bei Zinasomwa Juani

Ilunga, rafiki yangu,

Nakuandikia Kiswahili, maana ndicho tulichofundishiwa uashi kule Katanga, na Kibemba kilikushinda mpaka unakufa. Nina habari, tena nina hasira.

Kapenda bado yu hai. Ndiyo, mkandarasi yule yule ambaye ukuta wake wa banda la samaki Kashikishi ulikuangukia. Kwenye mazishi alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mungu gani anayechanganya simenti kiduchu na mchanga wa ziwani? Nilitaka kumrukia shingoni. Mkeo alinishika shati.

Kazi ile ya banda ilikuwa iwe yetu. Tulipeleka bahasha ya bei yetu kwa halmashauri, tumeifunga vizuri kwa gundi, na karani akaifungua kabla ya siku yake, akamnong'oneza Kapenda. Kapenda akaandika bei ya chini yetu kidogo tu, akapewa kazi. Kisha wewe, kwa kuwa watoto lazima wale, ukaenda kufanya kibarua kwa mwizi wetu. Nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia. Nani sasa ataniambia, "Weka simenti ya kutosha, batoto ya batu batalala mule"?

Baada ya kukuzika nilikwenda halmashauri pamoja na akina mama wanaonunua samaki ufukweni. Unajua kwao bei ya samaki wa mtumbwi mzima inatajwa kwa sauti, wote wanasikia, na aliyeitaja harudi nyuma. Mama Chola akawauliza wazee: "Siye tunaita bei pa jua. Ninyi munaificha juu ya nini, sababu gani?" Kelele zilipanda hata Bwana Disii, mkuu wa wilaya mwenyewe, akatoka ofisini. Karani alifukuzwa. Siku hizi bahasha zinafunguliwa nje, mbele ya watu, na ukuta haulipiwi mpaka ukaguliwe.

Kazi ya kwanza ilikuwa zahanati ya hapa Nchelenge. Bila karani wake, Kapenda alikuwa kipofu. Kwa woga akaandika bei ya chini mno. Iliposomwa, watu walicheka mpaka akatoa leso kufuta jasho. Akataka kujitoa, akina mama wakamzunguka: "Ulishaita bei! Ujenge!" Na halmashauri, Ilunga, ikaniweka mimi kuwa mkaguzi. Mimi!

Nimebomoa ukuta wake mara mbili. Nilipiga nyundo, simenti ikamwagika kama unga, naye amesimama pale anauma midomo. Nililala usingizi mtamu sana. Lori lake ameliuza ili anunue simenti.

Jana niliujaribu ukuta mpya. Haukutikisika. Nikapiga tena, kwa nguvu zote, nikitaka uanguke, uanguke tu, mpaka nikalia mbele ya vibarua. Mkeo alikuwa amesimama pale, mtoto wenu mgongoni, ana homa. Akaniambia, "Iko muzuri, shemeji. Acha, tupate fasi ya kutibia batoto." Nikaupitisha.

Usidhani nimemsamehe. Banda lililokuua bado ni kifusi. Nimeiomba halmashauri na imekubali: bahasha ya Kapenda haitafunguliwa tena mpaka alijenge upya kwa mali yake.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi hivi: tofali la kwanza ataliweka kwa mkono wake mwenyewe, amepiga magoti pale pale tulipokutoa, nami nitakuwa nimesimama nyuma yake na nyundo.