Mashine Mbili za Yaya Faida

Yaya Faida,

Neno hilo la yaya, dada mkubwa, nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Toka tulipokimbia vita nilikuita Faida tu, kama mtu wa rika langu, na weye hukunisahihisha hata siku moja. Sijui kama bado nina ruhusa.

Kartoni yako ilifika Uvira salama. Watoto waliipasua kabla sijavua viatu. Ni mashine ya michezo, mjukuu wa ile yetu, lakini nashindwa kuona wanafanana wapi. Yetu ilikuwa ya kijivu, ina kifuniko juu kama sufuria, na CD ilikataa kusoma mpaka tuipindue mashine kichwa chini. Hii yako ni nyeupe, inasimama wima, haina hata mahali pa kuingiza CD. Iliomba intaneti kabla ya kuamka. Ikaniuliza jina, mwaka niliozaliwa, lugha yangu. Kiswahili sikukiona, nikaweka Kifaransa. Wachezaji wa mpira humu ndani wanatoka jasho, yaya! Wetu walikuwa na nyuso kama tofali, na bado tuliwajua mmoja mmoja.

Maneti za hii, vile vishikio vya kuchezea, hazina waya. Nilidhani ni jambo jema. Lakini nyaya zetu zilikuwa fupi, tukalazimika kukaa goti kwa goti juu ya mkeka, na ukinifunga goli ulinigonga na bega. Watoto wangu, mmoja anakaa mlangoni, mwingine kitandani, wanacheza na watu wasiowajua. Umeme ukikatika, mashine hii inakumbuka walipofikia. Yetu haikukumbuka kitu. Jenereta ya jirani ikizimika tulianza upya, na weye ulicheka: "Haya, mudogo, Mungu amekufutia yale magoli yote."

Nakuandikia mbele ya watu, barua ya wazi ambayo yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu nilikuhukumu mbele ya watu.

Siku ile masasi ya bunduki yalilia upande wa uwanda, tukashika njia ya Lemera, kwa wajomba. Mama alibeba unga, minye nikabeba godoro. Weye ulifunga mashine ndani ya kitenge, ukaibeba mgongoni kama mtoto. Mama alikugombeza: "Kule mulimani umeme iko wapi?"

"Vita itaisha, mama," ukamjibu.

Kwenye bariyeri, pale njia ilipofungwa, watu wenye bunduki walituketisha chini pamoja na wakimbizi wengine. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kupita umri wangu. Nilikuona pembeni na mkubwa wao, unaongea naye, hata unacheka. Uliporudi, mgongoni hakukuwa na kitu.

"Mashine iko wapi?"

"Nimemupa. Simama, twende."

Mama alinivuta mkono. Njia nzima nililia kwa ajili ya mashine, na tulipofika, mbele ya wote waliotupokea, nilisema umeigawa kwa sababu yule mwanajeshi alikupendeza. Nilitumia neno baya kuliko hilo. Weye ukaingia ndani kumsaidia mama kuwasha moto. Neno langu lilikufuata mpaka ulipovuka ziwa, mpaka ulipoolewa huko kwenye baridi. Miaka yote hii salamu zetu zilipitia kwa mama.

Wiki iliyopita nilimwambia mama, kwa kiburi: "Mwishowe Faida amerudisha alichoninyang'anya." Alikuwa anachambua ndagala. Mikono ikasimama ndani ya ungo.

"Weye hujajua mpaka leo?" akasema. "Walikuwa wamekuchagua, weye na vijana wengine wawili, mukabebe masanduku yao ya risasi. Faida alimwambia mukubwa wao: chukua hii, uniachie mutoto wetu. Alinikataza kukuambia. Alisema uko mudogo, utaanza kufikiri weye ni bei ya kitu."

"Na wale wawili?"

"Walikwenda nao. Hatukuwasikia tena."

Nikawakumbuka. Nilipita mbele yao nikilia, nao walikuwa bado wamekaa chini, wananitazama.

Toka hapo sielewi kitu. Ulituma mashine hii ili nijue, ao ulituma kwa sababu ulidhani ninajua? Ao ni zawadi tu ya shangazi kwa watoto, na minye ndiye ninayeigeuza kuwa kitu kingine? Kwa nini ulicheka na mtu yule? Uliogopa namna gani hata ukaweza kucheka? Nataka kukushukuru, na papo hapo nina hasira kwamba uliniacha niwe mjinga mpaka mvi zinaniota. Kisha naona haya kwa hasira hiyo, maana sina haki nayo. Watoto wananiita nicheze. Nashika maneti, nawarudishia.

Jana nilitaka kukuandikia kwa simu. Nilianza na "asante", ikaonekana ndogo. Nilianza na "nisamehe", nikaona naomba tena kitu kutoka kwako. Ndiyo maana barua imekuwa ndefu hivi, na bado sijui nimesema nini.

Siku ya Mungu, baada ya misa, nitakupigia mwenyewe. Sijakupigia hata mara moja, kwa hiyo ukiona namba yangu usishtuke. Mama yuko mzima. Ni minye tu.

Mdogo wako