Pa Kushushia Begi

4 Februari

Kwako Chiriku wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha mwaka jana kimekwenda kumsumbua mtu mwingine. Mimi sijambo. Goti hulalamika asubuhi, likishapata chai linanyamaza. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Unajua sikio la kulia lilikwenda na msumeno wa umeme, na la kushoto limejifunza uvivu.

Nina jambo. Tangu mama yako atutoke nimekuwa nikijiuliza nimtolee sadaka gani. Sasa nimepata. Naitoa nyumba, yote pamoja na kiwanja chake. Nyumba yetu ya ibada inavuja, mpaka kila muumini anajua asikae wapi mvua ikinyesha. Kamati itaiuza nyumba yangu, itaezeka paa jipya, na mama yako ataombewa humo. Mwenyekiti wa kamati alikuja kuiona, akagonga kuta kama mtu anayechagua tikiti maji, akaondoka anatabasamu. Mwisho wa Machi tunatia sahihi. Mimi nitapanga chumba nyuma ya duka la mbao. Mtu mmoja anahitaji nafasi gani?

Hapo ndipo nakuhitaji. Watu wakiniuliza binti yako anafanya kazi gani, nawaambia: wachamungu wakitaka kutoa mali zao humwendea awaongoze, watoe nini, wampe nani, waandikishane vipi. Wananicheka. Wanasema kutoa ni moyo, sasa mtaalamu wa nini? Nawajibu, na mbao je, si hupimwa kabla ya kukatwa? Basi mwanangu, nipimie na mimi.

Babako


15 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, ahsante. Barua yako nimeisoma mara kadhaa.

Nia yako ni njema na Mungu anaiona. Lakini sitaweza kukushauri. Ofisini kwetu kuna kanuni isiyo na mlango wa nyuma: mshauri hamwongozi mtoaji ambaye mali yake ingemfikia yeye kwa urithi. Mimi ndiye mtoto wako wa pekee. Kwa hiyo nimelikabidhi suala lako kwa mwenzangu, mama mmoja mtu mzima mwenye uzoefu mkubwa. Atakutembelea mwezi ujao. Mtakayozungumza yatabaki kati yenu, hataniambia nami sitamuuliza.

Naomba usitie sahihi karatasi yoyote kabla hajafika.

Mwanao


27 Februari

Kwa Mshauri,

Salamu. Afya ni njema.

Barua yako imefika, imenyooka kama rula. Nimeigeuza nyuma nikitafuta mwanangu, sikumwona.

Watu usiowajua hata kwa jina unawaongoza. Mimi niliyekubeba mabegani unanipeleka kwa mgeni. Ni kama mimi nimtengenezee jirani kitanda, kisha wewe ukija nikwambie ulale chini, kanuni hairuhusu. Mwambie huyo mama asijisumbue. Mwisho wa mwezi nitatia sahihi kama nilivyosema.

Mteja wako


6 Machi

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea. Goti linaendeleaje? Umekula?

Neno lako la mwisho limenichoma. Nililistahili, maana niliandika barua ile mezani kwangu kazini, nikiwa nimekaa kama ninavyokaa kazini. Nakuomba unisamehe.

Lakini nisikilize. Kanuni ile si urasimu. Niliwahi kumpokea mzee aliyetaka kuwapa wasiojiweza shamba lake. Mwanawe akamwambia, baba, subiri kwanza. Huenda lilikuwa shauri jema. Ila yule mzee hakujua tena anayemwambia ni mtoto anayempenda au mrithi anayelinda fungu lake, na mpaka alipokufa hawakula tena sahani moja. Nikikwambia usitoe, utajuaje ni nani anayesema? Mimi mwenyewe nitajuaje? Mganga hajigangi, Baba, na babaye asimguse kabisa.

Huyu mama hapa kazini tunamwita Bibi Polepole. Hajawahi kumaliza kikao kwa wakati hata kimoja. Ameshakata tiketi, na ukimfukuza hataondoka haraka. Mpe chai tu.

Mwanao anayekupenda


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, na mwisho wa mwezi umeshapita.

Bibi Polepole amerudi. Chumba chake cha kazi na changu vinatenganishwa na ubao mwembamba, namsikia akikoroga chai, na hakuna ninachoweza kumuuliza. Alirudi na maranda ya mbao kwenye pindo la sketi. Nilipoyaona nilijifanya nimeangusha kalamu, nikayaokota. Yako hapa kwenye droo yangu. Aliniambia jambo moja tu: "Babako anatengeneza chai nzito." Sijui nilichukulieje.

Usiponiambia umefanya nini na nyumba, basi niambie tu kama u mzima.

Chiriku wako


11 Aprili

Chiriku,

Marahaba, na nyingine zote nilizokuwa sijazipokea nazipokea leo. Mimi ni mzima. Nimekasirika nikachoka, na mtu wa umri wangu akichoka hasira hurudi kwenye akili zake.

Bibi Polepole wako alifika. Nilikuwa nimepanga kumpa chai ya mlangoni. Akasema, "Chai baadaye. Kwanza nionyeshe hicho unachokitoa." Ikabidi nimtembeze. Akaingia jikoni, akaingia kwako, akafungua madirisha kama mwenye nyumba. Tulipofika chumba cha mbele, kile mama yako alichokuwa akipokelea wajawazito wake, nikamwambia ufunguo umepotea. Haukupotea. Ulikuwa mfukoni, na nadhani alisikia ukilia.

Akaniuliza, "Unalala wapi?" Nikasema chumbani. Akakitazama kitanda, shuka imekunjwa, vumbi juu yake unaweza kuandika jina. Akanyamaza. Yule mama anajua kunyamaza, mwanangu, kunyamaza kwake kunakusukuma. Basi nikasema kweli. Nalala karakana, juu ya meza ya kazi, tangu tulipomzika. Sikukwambia, kwa sababu ungekuja.

Tukaenda karakana, tukakaa kwenye maranda, ndipo akataka chai. Akauliza, "Kama mkeo angekuwa hai, ungeitoa nyumba hii?" Nikasema hata kidogo. "Kama ingekuwa haikuumizi kuingia?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi baba, bado hutoi. Unakimbia. Kukimbia si dhambi, na nyumba ni yako. Lakini ukimpa Mungu kitu, mpe baada ya kukitazama."

Nililia mbele ya mgeni. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawasemi kwamba kabla ya kupona mwenyeji ataaibika kwanza.

Kesho yake akataka twende kwa kamati wote wawili. Hakubishana na mtu. Aliomba tu kila mmoja aseme kipi kinamkosesha usingizi. Mwenyekiti akasema paa. Tukatoka nje tukalitazama, mbao tatu zimeoza na bati limepinda. Miaka yote naswali chini ya paa hilo, mimi fundi seremala, sijawahi kuinua macho. Kila mtu akanitazama mimi. Kisha muuguzi wa zahanati, ambaye huwa hasemi, akasema wajawazito wanaotoka mbali huja mapema kabla ya siku zao, hawana pa kusubiri, wanalala kwenye mabenchi ya kibarazani. "Marehemu mkunga alikuwa akiwachukua kwake," akasema. "Tangu aondoke hakuna anayewachukua."

Unaona ninakofika. Nilikuwa tayari kuiuza nyumba ya mama yako ili aombewe, na wageni wake wako nje.

Lakini sijatia sahihi. Bibi Polepole aliniuliza mwishoni, "Binti yako anasemaje?" Nikamwambia amefungwa na kanuni. Akasema, "Kanuni inamfunga mshauri. Mtoto je, umemuuliza?" Nami sikuwa nimekuuliza. Nilikuagiza kazi tu, kama vile nyumba ile hukuzaliwa ndani yake.

Basi nauliza. Mwache mtaalamu ofisini, njoo wewe. Unataka nini, mwanangu?

Babako


19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nashukuru Mungu u mzima. Nimekasirika kwamba umelala juu ya meza ya mbao mwaka mzima, na hilo tutalizungumza ana kwa ana.

Nimeandika barua hii nyumbani, miguu juu ya kiti.

Ulipoandika "nitapanga chumba", nilitoka kwenda chooni kazini nikalia, nikarudi nikasema ni mafua. Nilikuwa na uchungu. Nilisema moyoni, amemzika mama na sasa anamfungasha na nyumba, nami hata hakuniuliza. Kisha nikaona haya, kwa sababu kutwa nzima nawahimiza watu watoe, nikaona kumbe ya kwetu nayafumbata. Ndiyo maana barua ya kwanza ilikuwa rula. Kanuni ilikuwa ya kweli, ila pia nilijificha nyuma yake.

Sitaki bei ya nyumba, wala kiwanja. Huku naishi kwenye chumba ambacho mwenye nyumba anaweza kunitoa kwa barua ya mistari miwili. Nataka mahali duniani ambapo nikifika bila taarifa, nipate pa kushushia begi, na mtu aniulize kama nimekula. Ni hicho chumba changu tu, Baba. Kile cha nyuma chenye dirisha linalogoma.

Vilivyobaki vitoe vyote. Fungua chumba cha Mama. Wageni wake waingie.

Mwanao, si mshauri


30 Juni

Chiriku wa babako,

Umekula? Nimeanza na hilo ili usidai.

Mambo yamekamilika. Bibi Polepole ameisimamia hati mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wake. Nyumba imewekwa wakfu kwa ajili ya wajawazito wanaosubiri, haiuzwi milele. Mimi naishi humo mpaka Mungu aniite. Na chumba cha nyuma kimeandikwa peke yake: ni chako, hakiingii kwenye sadaka mpaka wewe mwenyewe utakapotamka. Nilimwambia aandike hivyo bila kona. Mwenyekiti amepata mbao zake tatu, ingawa mimi nasema ni zangu kwa sababu nilizipiga randa mwenyewe, kijana mwingine akapanda, goti likashukuru.

Chumba cha mama yako nilikifungua asubuhi moja. Nilidhani nitaanguka. Nilikuta tu chumba kinachohitaji kufagiliwa. Nikakitengenezea vitanda vya chini, mwenye tumbo asihangaike kupanda. Sasa nyumba ina kelele. Wananicheka ninavyopika uji. Mmoja aliniachia kichanga chake nikishike aoge, nikakishika hivyohivyo kama msumeno uliowashwa, mpaka aliporudi mkono umekufa ganzi. Siku hiyo ndiyo niliyorudi kulala chumbani kwangu.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Juzi alikuja binti mdogo kuliko wewe, ametembea sehemu kubwa ya njia, miguu imevimba. Vitanda vimejaa. Nilisimama mbele ya mlango wako na ufunguo mkononi. Nilisimama sana. Kisha nikaurudisha mfukoni, nikampa kitanda changu, mimi nikarudi kwenye maranda. Hicho chumba si changu kukitoa, na nilikwishakuahidi.

Muuguzi anasema miezi hii wataongezeka. Sikushauri, maana mimi pia nina fungu langu hapo: mgongo wangu hauipendi meza. Nimekwambia tu ilivyo. Ukisema kibaki, kitabaki, na sitakuuliza tena, na nitakupenda vilevile.

Babako


7 Julai

Baba,

Shikamoo.

Mfungulie.

Nimekaa na barua yako tangu jana, na niliandika maneno mengi mazuri, nikayachana yote. Inauma, Baba. Miaka yote nimewaonyesha watu jinsi ya kutoa, na sikuwahi kujua kwamba inauma hapa, chini ya mbavu, hata unapotaka. Nitamtazama vingine mtu wa kwanza atakayekaa mbele yangu kazini.

Dirisha lisukume kutoka juu, si katikati. Blanketi nene liko kabatini, rafu ya chini. Mwambie asione haya, alale mpaka atakapoamka mwenyewe.

Nimeomba likizo. Nakuja Jumamosi na begi moja, nitalishusha karakana. Meza ni pana, tutalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kama zamani nilipokuwa naogopa radi. Usiyafagie maranda.

Na nikifika, niulize kama nimekula.

Chiriku