Mtihani wa Hiari wa Adelina

Chang'ombe,
Dar es Salaam.
10 Aprili 1975

Ndugu yangu Gregori,

Salaam nyingi toka huku kwenye matope. Mie mzima, ni kikohozi tu cha msimu. Je, mama na watoto hawajambo hapo Masasi? Mihogo imeshika?

Katika barua yako uliuliza mambo mawili: kwa nini dada yako Adelina alijisumbua kufanya mtihani usio wa lazima, na kwa nini chuo cha ufundi hakikumchukua. Nayajibu kwa mpangilio huo, maana la kwanza ni jepesi.

Hapa kiwandani ilitoka nafasi moja ya chuo. Siku hizi mtu haendi kwa alama, huenda kwa barua ya tawi la chama isemayo kuwa ni mchapakazi na mjamaa. Mtihani upo, ila ni hiari. Tawi likitaka huambatanisha alama, lisipotaka huziacha. Tulioomba ni wawili, Adelina na mie. Bakari wa mtambo wa sabuni alitucheka, akasema mtihani wa hiari ni kama Mkristo kufunga Ramadhani: njaa ipo, thawabu haipo. Adelina akamjibu kwamba barua huandikwa na watu, na watu humwandika mtu wanavyomwona. Yeye wanamwona anafunga maboksi. Alama, akasema, ataziandika kwa mkono wake mwenyewe. Miezi mitatu alijisomea hesabu saa ya chakula, uji ukipoa pembeni. Mie nilifanya kwa sababu yeye alifanya. Nisingefanya ingeonekana vibaya.

Majibu yaliletwa tawini. Yeye themanini na moja. Akaikunja ile karatasi akaitia kifuani. Mie thelathini na nne.

Sasa la pili. Mwenyekiti wa tawi ni mzee mwema, ila kalamu humtoa jasho. Barua zake zote naandika mie, yeye hugonga muhuri. Basi nikaandika ya Adelina, nikaandika na yangu. Zote za kweli. Yake mistari mitano, yangu ukurasa mzima. Mzee akauliza kama tuambatanishe alama. Nikamwambia haina haja, ni hiari, na kwa usawa tuache za wote wawili. Akasema naam, huo ndio ujamaa wenyewe. Akagonga.

Chuo kimenichukua mie. Adelina alinipa mkono mbele ya watu, kisha akaniuliza kama alama zake zilisomwa. Nikasema zilisomwa. Nilingoja nijisikie vibaya. Hadi leo nangoja.

Uliponikabidhi dada yako ulisema nimwangalie. Nimemwangalia sana.

Yeye hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na ukitaka kuliandikia tawi, andika, sitakana. Mbusu mama mikono kwa niaba yangu, na majirani wote uwape salamu bila kumruka mtu. Wanasema Rufiji imefurika na magari ya kusini yamesimama, hivyo barua hii itachukua kama wiki mbili kukufikia. Mie naripoti chuoni Jumatatu.

Ni mie nduguyo,
Benedikto