Viatu Visivyo na Msumari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na wapwa zangu wote, hasa yule wa mwisho ambaye ulisema ameota meno mawili na sasa anawang'ata wenzake. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema simu yenu ya juzi ilikatika umbea ukiwa ndiyo kwanza unanoga, kwa hiyo ujiandae. Mimi nipo. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na haya nikikatizwa sitayamaliza.

Kwanza, nimehamisha kazi yangu. Pale sokoni jua lilikuwa linanichoma mpaka gundi inakauka kabla sijaipaka. Sasa nakaa nje ya geti la zahanati, kwenye kivuli cha ukuta. Wagonjwa wanatoka mbali kwa miguu, na anayetoka mbali kiatu humkatikia njiani, basi riziki si haba. Aliyenikaribisha ni nesi wa pale, mama mfupi mwenye sauti kubwa kuliko jengo lenyewe. Jengo lina vyumba vitatu na baraza lenye mabenchi mawili, na akimwita mtu chumba cha ndani, hata mimi huku nje nasimama.

Tangu mwaka huu uanze wameletewa kimashine cha kupima sukari, kidogo kama simu za zamani. Unatobolewa kidole, tone la damu linaguswa kwenye kijikaratasi, halafu namba inatokea. Lakini vijikaratasi havitoshi watu wote, kwa hiyo nesi huwauliza kwanza waliokaa benchini, hata kama mtu amefuata dawa ya macho. Huuliza umri, huuliza kama unakunywa maji sana na unaamka mara ngapi kukojoa, hukuzungushia utepe kiunoni kama fundi nguo, na mwisho huuliza kama kuna ndugu yako wa damu aliyewahi kuugua sukari. Akiona dalili, kidole ni chake. Wiki yangu ya kwanza aliniuliza na mimi. Nilimjibu kwamba kwetu hakuna, na nikainama kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwangu. Jibu hilo uliweke akilini.

Siku moja akaja mwalimu mstaafu, mzee nadhifu, suruali ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Alikuwa amefuata dawa ya kikohozi, akaona bora nimgongee kisigino wakati anasubiri zamu. Nikamwomba avue kiatu cha kushoto, nikatia mkono ndani kama kawaida, kitu kikanichoma. Kilikuwa ni msumari. Ulikuwa umepenya soli ya ndani na kusimama, urefu wa punje ya mchele. Nikamtazama mguu, soksi ilikuwa imegandana na damu iliyokauka. Nilipomuuliza ameanza kuumia lini, alicheka, akasema hana maumivu yoyote, viatu hivyo ni laini kuliko vyote alivyonavyo, na niharakishe maana zamu yake inakaribia.

Dada, nyundo niliiacha chini. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani akiwa na kiatu kimoja, nikaruka foleni nzima. Waliokaa benchini walinitukana matusi mengine nilikuwa siyajui.

Nesi alimtoboa kidole, kimashine kikasoma ishirini na moja. Sikujua maana yake, ila nilimwona nesi amepunguza sauti, nikaogopa. Akauosha ule mguu, akamwambia mwalimu afumbe macho, akawa anamgusa vidole na unyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, na mzee aseme kila anapoguswa. Mwalimu alikaa kimya, amefumba macho kwa adabu. Baadaye akauliza wataanza saa ngapi. Nesi akamjibu kwamba wameshamaliza.

Ndipo akatueleza kwamba sukari ikikaa mwilini miaka bila kujulikana, inaitia miguu ganzi polepole. Mtu anakanyaga kitu asihisi, kidonda kinachimba chini kwa chini, na siku anapokiona mguu umeshaharibika. Akasema mwenye miguu mizima akivaa kiatu chenye msumari, hafiki hatua ya tatu kabla hajakivua na kumlaani fundi.

Mwalimu sasa hajambo. Kidonda kimefunga, miguu anayo yote miwili, na kila akija kuchukua dawa hupita kwangu kunisalimia kama daktari wa miguu. Nesi naye amenipa kazi isiyo na sare: kila kiatu kinachofika mkononi mwangu nakipapasa ndani, na mguu wa mwenye kiatu ninautazama. Mpaka leo nimewaingiza watu kumi na tisa, na saba kati yao wamekutwa na sukari. Watu wameanza kunitania kwamba ukipeleka kandambili kwa yule fundi, unarudi na masharti ya chakula. Wacha waseme. Wanasema huku wanatembea.

Lakini kinyozi hajinyoi. Siku ile ya mwalimu sikurudi nyumbani mapema. Nilingoja mabenchi yawe matupu, nikaingia, nikamwambia nesi kwamba jibu langu la wiki ya kwanza halikuwa kweli. Akaniambia nije asubuhi kabla sijala kitu. Ikasoma nane na nukta mbili, na nesi akasema kabla ya kula haitakiwi kufika saba. Siku mbili baadaye akarudia, ikasoma saba na nukta tisa. Ndiyo hivyo, Dada, nina sukari. Usilie. Imekamatwa mapema. Nilipofumba macho nilihisi uzi kila uliponigusa, hakuna hata mahali pamoja nilipoukosa, na nilipofumbua nesi alikuwa anatabasamu. Nakunywa vidonge, natembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini, na wifi yako amelificha kopo la sukari mahali ambapo nimeshindwa kupapata, mimi niliyeishi naye miaka kumi na miwili. Kila asubuhi nikivaa viatu namshukuru Mungu, kisha namshukuru yule mama mfupi.

Sasa kaa kitako, Dada.

Unavikumbuka viatu vyeusi vya Baba, vya mwisho. Visigino vyake niliviweka mimi, nikiwa na miezi mitatu tu ya kujifunza kazi, bila fundi wangu kuvikagua. Baba aliviringia mtaa mzima, anainua mguu kumwonyesha kila mtu kazi ya mwanawe. Siku ile ulimwomba aende shambani kutazama ule uzio ulioanguka. Jioni alirudi akiwa mzima kabisa, hachechemei, nikapiga magoti kumfungua kamba za viatu. Soksi ilikuwa imelowa damu. Baba aliutazama mguu wake akashangaa, akasema bila shaka amekanyaga mwiba huko shambani. Nikavipeleka viatu uani kuvisafisha. Ndani ya kisigino cha kushoto ulikuwa umesimama msumari wangu. Niliung'oa kwa koleo, nikautupa, nikanyamaza.

Mengine unayajua, kidonda, mguu kukatwa, sukari kutajwa hospitalini tukiwa tumeshachelewa, mpaka makaburini. Na siku ya mazishi ulisema mbele ya wazee wote kwamba ni wewe uliyemtuma Baba kwenye miiba. Nilikuwa nimesimama kando yako, nimekushikia mwavuli. Miaka kumi na minne kila akitajwa Baba unalisema lile lile, na miaka kumi na minne nakuacha ulibebe. Hapakuwa na mwiba, Dada. Ulikuwa msumari wangu.

Nesi nilimweleza yote. Hakuharakisha kunifariji. Alisema msumari ni wangu na ni haki yako kuujua, lakini kutembea juu ya msumari siku nzima bila kuhisi hakukuwa kazi yangu wala yako. Akaniuliza kama Baba alikuwa anakunywa maji sana. Nikakumbuka tulivyokuwa tukimwita Ngamia, tunacheka, na yeye anacheka huku anachota tena. Tuliiona sukari kila siku mezani kwetu, na hatukuwa na mtu wa kutuambia jina lake mapema. Angekuwepo nesi na kimashine chake, Baba angekivua kile kiatu njiani, angenifukuza nacho uwanja mzima, na leo tungekuwa tunasimuliana.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza ni unisamehe, siku utakayoweza, hata kama ni mbali. La pili haliwezi kungoja. Mwezi uliopita uliniambia unaamka mara tatu kukojoa na mdomo unakukauka, ukasema ni uzee. Jumatatu, kabla ya chai, nenda zahanati ya kwenu. Wakikuuliza kama kuna ndugu yako wa damu mwenye sukari, usijibu kama nilivyojibu mimi. Sema wapo, baba yako na mdogo wako.

Salamu kwa shemeji na wanao. Wifi yako anasema atapiga yeye, wewe usihangaike.

Viatu vilivyo kwenye kifurushi hiki ni vyako. Nimevishona kwa uzi mwanzo mpaka mwisho, hakuna msumari hata mmoja. Hata hivyo, kila asubuhi kabla hujavaa, tia mkono ndani upapase. Kipapase kila kiatu, Dada, na zaidi vile nilivyoshona mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi