Kibendera Nilichoinua

Mpendwa kaka Athman,

Mola akurehemu na akupanulie kaburi lako. Sijui kama barua huwafikia waliotangulia, na darasani huwakataza wanafunzi wangu kuandika wasiyoyajua. Lakini binti yako Rukia amenitia adabu wiki hii. Naandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu jina la Otea walikubandika mbele ya kila mtu.

Hata siku ya mazishi yako mzee mmoja wa barazani alinishika mkono akasema, "Pole, maalim. Otea katuwata." Alisema kwa mapenzi, machozi ya kuachwa nawe yakimtoka. Nami niliitikia nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote.

Unaikumbuka Shamsi yetu? Klabu ya daraja la chini ambalo matokeo yake hayakutangazwa popote isipokuwa barazani. Mama akizianika zile jezi za njano juu ya nyumba yetu ya Ndia Kuu, na jirani akilalamika kwamba timu nzima inamzibia upepo. Wewe ukishinda Marikiti ukiuza vitunguu, na baada ya alasiri unakuja uwanjani mikono bado inanuka. Mabeki wakisema unawaliza hata kabla hujawapiga chenga. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuonea fahari mpaka nikawa naona haya.

Kisha ikaja mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunapanda daraja, tukitoka sare tunabaki tulipo. Wageni walivuka Feri na mashabiki wao na ngoma zao. Refa akaja na mshika kibendera mmoja tu. Wa pili hakuonekana. Katika ligi zetu hilo halikuwa jambo la ajabu: klabu ya nyumbani humtoa mtu wake, akapewa kibendera, mechi ikaendelea. Wenzako wote walipiga kelele, "Maalim Hamisi! Huyo hampendelei hata mamake!" Nilifurahi, kaka, kwa nini nikufiche. Nilitembea kwenye ule mstari wa chokaa kama mtu aliyepewa ukadhi.

Kipindi cha kwanza mpira ulitoka, nikaonyesha ni wetu, na kweli ulikuwa wetu. Mashabiki wa wageni wakanivaa: "Nduguye huyo! Yuwambeba nduguye!" Waliimba hivyo mpaka mapumziko. Wewe ulinipita ukinywa maji, ukanikonyeza. Mimi sikucheka. Kuanzia hapo sikuwa naangalia mpira, nilikuwa naangalia jina langu.

Zikabaki dakika chache. Mpira ulipenyezwa katikati, wewe ukachomoka nao, ukamzunguka kipa, ukautia wavuni. Ulipopigiwa ile pasi, beki wao mmoja alikuwa amebaki nyuma kabisa, karibu na goli kuliko wewe, hatua mbili kutoka niliposimama. Alikuwa amepiga goti akifunga kamba ya kiatu. Nilimwona vizuri, hata soksi yake iliyotoboka niliiona. Hukuwa umeotea hata kidogo.

Nikainua kibendera.

Nimejaribu mara nyingi kusema mkono uliinuka wenyewe. Si kweli, niliuinua mimi. Niliogopa kuitwa nduguyo. Refa alipuliza, bao likakataliwa, tukatoka sare. Wageni walinipa mkono, wakasema hawajapata kuona mtu mwadilifu kama mimi. Nami nikatabasamu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, viatu vyako umevining'iniza shingoni. Karibu na mlango wetu ulisimama ukauliza, "Hamisi, nambia kweli. Nalikuwa nimeotea?"

Ulikuwa umenifungulia mlango, kaka, nami ningeweza kuingia. Nikakujibu, "Uliotea. Kidogo tu."

"Basi," ukasema. Ukaingia ndani kuoga.

Afadhali ungenipiga. Barazani walipoanza kunitukana uliwakata kauli: "Hamisi akisema nimeotea, nimeotea. Ndugu yangu hasemi urongo." Wakanyamaza juu yangu, wakahamia kwako. Wakaanza kukuita Otea, nawe ukaitika ukicheka.

Kilichonila zaidi ni msimu uliofuata. Ulianza kungoja. Wewe uliyekuwa ukichomoka pasi ikipigwa tu, sasa ulikuwa ukigeuka kwanza kumtazama mshika kibendera, ndipo ukimbie, na mpira ukishakwenda. Kocha alidhani umechoka na vitunguu vyako. Akakuweka benchi, na kabla ya msimu kwisha ukamrudishia jezi ukasema miguu haina tena hesabu yake. Miguu yako haikuwa na kosa lolote. Kabla hujairudisha nilisimama nyumbani nikakuona unaikunja ile jezi, na sikusema neno. Shamsi yenyewe haikukaa sana baada ya hapo, na sasa ni watu wachache tu wanaokumbuka kwamba iliwahi kuwepo.

Rukia anacheza, unajua? Winga wa kushoto, ligi ya wasichana, nayo ya daraja la chini kama yetu. Ana zile mbio zako hasa. Alhamisi alikuja kwangu na begi lake begani, akaketi, akasema, "Ami, kocha asema natoka mapema. Watu waniambia nimeirithi kwa baba. Kweli baba alikuwa akiotea? Maana nataka nianze kungoja."

Neno hilo la kungoja ndilo lililonifungua mdomo. Nilimweleza yote, mpaka ile soksi iliyotoboka. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Na baba alijua?"

"La. Hakujua."

Nilitaka anikemee, na nadhani aliniona ninavyotaka, kwa hiyo hakunikemea. Alisimama akavaa begi lake. "Basi mwandikie," akasema. "Na watu wa barazani uwasomee wewe mwenyewe."

Nitawasomea leo baada ya alasiri, wakiwa wamekaa wote. Najua watakavyonitazama. Nimeishi muda mrefu kwa jina la mkweli ulilonipa wewe, huku wewe ukiishi kwa jina nililokupa mimi. Nakuomba radhi, na najua huwezi kunijibu. Hilo ndilo nililojitakia kwa kuchelewa.

Jumamosi Rukia ana mechi. Wakikosa mshika kibendera wasinitafute mimi. Nitasimama na watu wengine, nipige kelele mpaka sauti inikauke kwamba yule ni mtoto wa ndugu yangu.

Lala salama, kaka. Lile lilikuwa bao.

Mdogo wako,
Hamisi